Redio Iliyokula Jua

Nilikuwa bado sijalizoea jiko la mama mkwe wangu pale wifi yangu aliporudi nyumbani kukaa eda. Mimi nilitoka kwetu Mjambere, upande wa Kisauni, nikaolewa Likoni, katika nyumba ya makuti karibu na Shika Adabu. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Akitoka alfajiri, hatumwoni tena hadi magharibi. Mchana kutwa nyumba ilikuwa ya wanawake: mama mkwe, mimi, na sasa wifi.

Mumewe alikuwa fundi wa kamera na redio huko Changamwe. Homa ilimshika akiwa kazini, na wiki haikwisha tukawa tumemzika. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Wifi alikuja na sanduku la nguo na bati moja la biskuti lililofungwa kamba, akaingia chumba cha uani, akakaa. Kuzungumza hakuzungumza. Nikimpelekea chakula alisema, "Ahsante, wifi," na baadaye niliikuta sahani imeguswa kidogo tu. Mimi mgeni wa nyumba, yeye mwenye msiba. Nilimwogopa, na nilidhani hanipendi.

Asubuhi moja nilikuwa uani naanika nguo nikamwona ametoka chumbani, amechuchumaa pale palipoingia jua. Bati liko wazi mbele yake. Mkononi alikuwa na kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye dirisha la kioo, na ndani ya dirisha mna mshale mwembamba kama unywele. Alikigeuzia juani, mshale ukaruka. Akakifunika kwa kiganja, mshale ukalala. Akafunua, ukaruka tena.

"Wifi," akaniita bila kuinua macho. "Njoo uone."

Nikaacha nguo kwenye beseni, nikachuchumaa kando yake.

"Hiki ni kipimo cha mwanga," akasema. "Wapiga picha hukitazama kwanza, wajue kamera waifungue kiasi gani. Sasa niambie, mshale huu wasukumwa na nini?"

"Na mawe," nikajibu. Betri za tochi na za redio sisi tukiziita mawe.

Akatoa bisibisi ndogo kwenye bati, akafungua kile kidude, akanipa. "Haya, yatafute hayo mawe."

Nikatafuta. Mlikuwa na kibamba kimoja cha kijivu, kama sarafu iliyofifia, na nyaya mbili nyembamba. Basi. Akanieleza kwamba kile kibamba ni chuma kilichopakwa madini yanayoitwa seleni, na jua likikipiga kinatoa umeme. Umeme kidogo sana, wa kusukuma unywele. Lakini umeme.

"Bila moto? Bila mashine?"

"Bila chochote. Kitie juani tu."

Sijui kwa nini nilisisimka vile. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane, tukafunzwa kushona, usafi, hesabu na kupika keki. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jua, hili hili linalokausha nguo na kutubabua mgongo, laweza kusukuma kitu. Nilimnyang'anya kile kidude. Kweli nilimnyang'anya, mtu na msiba wake, nikawa nafunika na kufunua, nafunika na kufunua, na kila mshale uliporuka nami moyo uliruka. Nilipoinua uso nikamkuta ananitazama, na meno yake nimeyaona. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Siku ile alizungumza mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Marehemu, alisema, alisoma gazetini kwamba Wazungu wamerusha chombo angani kinachoizunguka dunia, na redio iliyomo ndani yake inakula jua. Haina mawe ya kuisha. Tangu hapo hakulala vizuri. Jioni walipofunga karakana wifi alikuwa akimshikia taa mumewe na kumpashia chuma cha kulehemu kwenye makaa, naye mumewe akijaribu kutengeneza redio yake ya jua. Akaitoa kwenye bati nikaiona. Haikufanana na redio. Ilikuwa kipande cha ubao, koili ya waya iliyozungushwa kwenye bomba la karatasi ngumu, transista moja ndogo kama punje ya hindi yenye miguu mitatu, na hedifoni za kuvaa masikioni.

"Ikasema?" nikauliza.

"Haikusema. Ilinong'ona, tena siku za jua kali tu. Vibamba havikutoa nguvu ya kutosha." Akavipangusa kwa ncha ya kanga yake. "Mimi nataka iseme, wifi. Na muda ninao."

Kazi tuliianza kesho yake. Kwanza alinionyesha kioo kilichokaa mbele ya kila kipimo, kina vinundu vinundu kama sega la nyuki. Kiliwekwa pale makusudi, alisema, ili kipimo kione kile tu kinachopigwa picha, kisione mbingu nzima. "Lakini sisi twataka kione mbingu nzima." Akakibandua. Mshale uliokuwa ukifika katikati ukaenda kugonga ukuta wa mwisho, tik. Nilipiga kofi. Alinitazama kwa hofu, akatazama mlango wa jikoni, kisha na yeye akapiga kofi moja dogo, la vidole.

Tulikuwa na vibamba viwili tu. Alinieleza vinapangwa kama mawe kwenye tochi, kichwa cha hiki kwa mkia wa kile, nguvu zijumlike. Viwili havikutosha. Vingine vingi vilikuwa Changamwe, kwenye karakana, ndani ya vipimo vilivyokufa, lakini mwanamke wa eda hatoki, wala mwanamume asiye maharimu wake haji kumwona. Basi nikaomba ruhusa kwa mama mkwe niende nikachukue vitu vya marehemu vilivyobaki. Mama mkwe akaona ni jambo la heshima, akaniruhusu.

Nilivuka feri asubuhi, nikapanda basi hadi Changamwe. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli. Mshirika wa marehemu alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Poleni na msiba. Wifi yako aendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Amenituma nije nichukue vipimo vya mwanga vilivyokufa."

"Vilivyokufa? Vya nini?"

"Ana kazi navyo."

Akaweka chini kamera aliyokuwa akiifungua. "Yu edani, ana kazi?"

"Ile redio, fundi."

Alicheka, na huku anacheka akavua miwani, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Alitusumbua na redio yake hiyo, Mungu amrehemu." Akainama chini ya meza, akatoa kopo lililojaa vipimo, vingine vimepondeka, vingine vioo vimepasuka. "Chukua vyote. Mwambie kinachokufa ni mshale. Kibamba mara nyingi huwa bado kizima."

Kwenye feri wakati wa kurudi sikuweza kuvumilia. Nilitoa kimoja ambacho mshale wake ulikuwa mzima, nikakifungulia juani. Mwanamke aliyekaa kando yangu na kapu la samaki aliinamisha kichwa akatazama.

"Ni saa hiyo, mwanangu?"

"Si saa, mama. Ni jua."

Hakunielewa, nami sikuweza kumweleza, maana nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tulipata vibamba vinne zaidi vilivyoonekana vizima. Wifi alipasha chuma cha kulehemu kwenye seredani, makaa yale yale niliyokuwa napikia mchuzi, akaviunganisha vyote sita juu ya ubao. Waya mrefu wa kunasa mawimbi niliutandaza mimi, kando ya kamba ya nguo, kutoka nguzo ya jikoni hadi mwisho wa ua. Mwingine tukaufunga kwenye chuma tulichokipigilia ardhini, mahali penye unyevu karibu na mtungi. Akavaa hedifoni. Nilimtazama usoni. Akazungusha koili polepole, akaenda, akarudi.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna kabisa?"

"Ni kidogo kuliko vilipokuwa viwili."

Sita vitoe kidogo kuliko viwili! Nilijua hesabu, na hesabu hiyo haikunikaa. Alikagua kila kiungo, akalehemu upya, wapi. Tukaiacha, tukaingia ndani, na siku mbili hivi hakuigusa. Nikaogopa atarudia ule ukimya wake.

Jambo lenyewe lilijifichua kwa njia ya kanga. Alikuwa amevaa hedifoni tena, anasikia kisauti chembamba, mimi naanika. Nilipotupa kanga kwenye kamba, ncha ya kivuli chake ikaangukia ubao.

"Imezimika!" akasema.

Nikaivuta kanga.

"Imerudi. Umefanya nini?"

Nikairudisha. Ikazimika. Tukatazama ule ubao wote wawili: kivuli kilikuwa kimefunika kibamba kimoja tu, cha pembeni. Vile vitano vyote vilikuwa juani vinameremeta. Lakini kimoja kilipoingia gizani, vyote vilinyamaza.

Wifi alivua hedifoni taratibu. "Ni kama sisi tulipozima moto kwa shangazi," akasema. Mwaka mmoja jiko la shangazi yao liliwaka, wanawake wakajipanga mstari kutoka kisimani, ndoo ikienda mkono kwa mkono. "Akisimama mmoja, ndoo haifiki. Hata wengine wote wawe na nguvu za punda."

"Kwa hiyo tukiwa na mmoja mgonjwa..."

"Wote wanakwenda kwa mwendo wa mgonjwa!" Alikuwa ameshasimama. "Lete kile kipimo chenye mshale. Haraka, wifi, jua lisipinduke!"

Tulivitenganisha vyote sita, tukakipima kimoja kimoja juani kwa mshale ule ule, mahali pale pale. Vinne viliruka sawasawa. Viwili vilijikokota. Kimoja kilikuwa na mkwaruzo, kingine kilikuwa na kutu pembezoni, kazi ya hewa ya chumvi. Tukaviweka kando, tukaunga vinne tu. Nakumbuka alivyouinamia ubao na risasi ya kulehemu mkononi, nami nikipepea makaa huku mchuzi unaungua na hakuna aliyejali.

Akavaa hedifoni. Akafumba macho. Kisha akaniwekea mimi upande mmoja sikioni, tukabana vichwa pamoja, shavu kwa shavu. Kwa mbali, lakini wazi, wallahi, mwanamume alikuwa akitoa habari kwa Kiswahili cha Mombasa, anasema meli imechelewa kufunga gati. Nilisikia mpaka pumzi yake katikati ya maneno. Na kwenye ubao hapakuwa na jiwe hata moja.

Baada ya hapo tulishikwa na wazimu. Iliposema tulitaka iseme kwa nguvu. Tuligundua kwamba vumbi na chumvi hulaza vibamba, tukawa twavipangusa kila asubuhi kwa pamba. Tuligundua kwamba asubuhi ubao sharti uinuliwe kwa kipande cha kuni uelekee mashariki, na adhuhuri ulale chali. Nikaleta kioo changu cha harusi, kile cha kujitazamia, tukakisimamisha kando ili kitupie jua la pili juu ya vibamba. Sauti ikapanda! Wifi aliishika hedifoni mkononi, mbali na sikio, na bado tuliisikia kama mbu anayeimba. Lakini haikudumu. Polepole ikazama, ikazama, hadi ikawa chini kuliko pasipo kioo.

Wifi akagusa kibamba, akaondoa kidole upesi. "Chaunguza kama kikaango."

"Kwani si jua linalokilisha? Jua zaidi, chakula zaidi."

"Mwanga ndio unaokilisha. Joto lakichosha." Aliuma mdomo. "Twataka mwanga wa jua bila moto wake."

Tulijaribu kukipepea. Tulijaribu kitambaa kibichi, maji yakapenya kwenye viungo, redio ikapiga kelele na kunyamaza. Mimi ndiye niliyekumbuka jinsi mama yangu alivyokuwa akipoza uji wa mtoto: akiliweka bakuli juu ya maji ya mtungi ndani ya beseni, likaelea. Nikachukua sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeupe, isiyopitisha umeme, tukavipanga vibamba juu yake, nikaiweka katika karai la maji ya kisima. Ikaelea kama ngarawa ndogo. Tukarudisha kioo. Sauti ikapanda, nasi tukangoja izame. Haikuzama. Wifi akaiweka hedifoni ndani ya bakuli tupu la kaure, na bakuli likaanza kuimba. Mtu akiwa hatua chache aliweza kusikia. Na ule uzuri wa kuelea: jua liliposogea, tuliisukuma sahani kwa kidole tu, ikageuka.

Hapo ndipo wifi alipocheka kicheko cha kweli. Kilimtoka kwa nguvu, kichwa kimeangukia nyuma, nami nikamfuata.

"Kicheko cha nani hicho?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi.

"Nauliza, nyinyi. Wifi yako yumo edani, na kicheko chasikika hadi njiani. Watu watasema nini? Na kioo hicho cha nini uani? Mwenye eda ajitazama kwenye kioo?"

"Abee, mama, si cha kujitazama..." nikaanza.

Wifi aliinuka. Hakubisha. Alimshika mama yake mkono, akamketisha kwenye kibago karibu na karai, akatoa hedifoni bakulini na kumwekea sikioni kwa adabu, kama mtu anavyomvisha mgonjwa. Ilikuwa Ijumaa, na kituo kilikuwa kinasoma Kurani. Midomo ya mama mkwe ikaanza kufuata aya. Upawa akauweka chini, mchangani, yeye ambaye upawa wake hauwekwi hata juu ya meza isiyofutwa.

Ilipokwisha akavua. Redio si kitu kigeni kwake. Kwa jirani ilikuwepo, kubwa, ya mawe. Alichofanya ni kuinua ule ubao wa redio akatazama chini yake. Akatazama nyuma ya karai. Akafunua hata kanga ya wifi pale alipokuwa amekaa.

"Mawe yake mmeyaficha wapi?"

"Haina, mama. Ni jua."

"Nyamaza. Yawapi?"

Wifi akarudisha hedifoni bakulini, akafunika sahani kwa kiganja, na kisomo kilichofuata kikakatika. Akafunua, kikarudi. Mama mkwe akanyoosha mkono wake mwenyewe, wenye unga wa muhogo, akafunika. Akafunua. Akafunika tena. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Na yeye marehemu aliijua hii?"

"Aliianza yeye, mama."

"Mungu amrehemu," akasema. Kisha akaokota upawa wake. "Haya, chekeni. Lakini chekeni mdomo umefungwa."

Aliyekuwa hasadiki ni mume wangu. Kila jioni akirudi tulimrukia sote watatu, mama yake akiwemo, tukimweleza leo redio imesema hivi na hivi. Naye kila jioni alipovaa hedifoni hakusikia kitu, maana jua limeshakuchwa. Mwanzo alicheka. Baadaye akaacha kucheka. Siku moja akanivuta kando.

"Niambie kweli, mke wangu. Dada yangu yuko sawa?"

"Yuko sawa kuliko siku zote."

"Na mama je? Na wewe?" Alikuwa amehuzunika kweli, maskini. "Nyumba nzima mwasikia sauti ambazo mimi sizisikii."

Jioni iliyofuata alileta mawe manne mapya, amefunga kwenye gazeti, akampa dada yake kwa upole mwingi, kama mtu anayempa mgonjwa dawa bila kuitaja. Wifi akapokea, akashukuru, akayatia kwenye tochi.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, mbingu zikajifunga na mvua ya masika ikatukalia mchana kutwa. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo. Tulikuwa twatoka uani kila mara kutazama mawingu, tukarudi tumelowa. Jumapili ya tatu kulipambazuka kweupe. Tulimkatia chai yake katikati, tukamkokota uani, mimi mkono huu, wifi mkono ule. Alikaa kwenye kibago, magoti yamemfika kifuani, anatabasamu kwa kutustahi. Wifi akaiweka sahani majini, akapangusa vibamba, akageuza kioo. Mama mkwe akasema, "Nipishe, kioo nakishika mimi, nyinyi mwakitingisha."

Bakuli likaimba. Ulikuwa ni wimbo wa taarabu, fidla na udi, mwanamke anaimba. Mume wangu aliruka akasimama. Alilitazama bakuli, akatutazama, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akafanya walichofanya wote: akatafuta mawe. Alipiga magoti mchangani na suruali yake ya Jumapili, akapekua chini ya karai.

"Dada," akasema akiwa huko chini. "Dada! Hii yatoka wapi?"

"Sogea," akasema mama yake. "Watukinga jua."

Eda ilipokwisha, wifi alioga, akavaa, watu wakaja, dua ikasomwa. Sote tulitarajia yale yanayotarajiwa: apumzike, kisha posa zije. Posa ilikuja, tena ya mtu mwenye duka, lakini yeye alimwomba kaka yake jambo jingine kwanza. Alitaka kwenda Changamwe, kwenye karakana, kuendelea na kazi. Mume wangu alikuna kidevu. Mwanamke fundi wa redio hakuwahi kumwona.

"Watu watasema," akasema.

"Watasema," akajibu mama mkwe kutoka jikoni, kabla wifi hajafungua mdomo. "Na wewe utawaambia njooni Jumapili mwangalie sahani yetu."

Akaenda. Mshirika wa marehemu alimpa meza ya dirishani, na wanawake wa Changamwe na Miritini ambao hawakupenda kuingia karakana ya wanaume wakaanza kumletea redio zao. Kulala aliendelea kulala nasi Likoni, akivuka feri asubuhi na jioni, na jioni akija na jambo jipya. Mara waya mwembamba zaidi, mara namna ya kupaka kando za vibamba nta ili kutu isiingie. Mimi wakati huo nilikuwa na ujauzito wa binti yangu wa kwanza, miguu imevimba, na nilimngoja kama watoto wanavyomngoja anayetoka sokoni.

Siku moja alirudi mchana, mapema kuliko kawaida. Nilimsikia akikimbia tangu njiani. Wifi yangu, mtu mzima, na buibui lake, anakimbia!

"Usiniulize kitu," akasema akihema. "Njoo uani."

Fundi mmoja wa redio wa melini, alinieleza huku anafungua kitambaa, alikuwa amempa yule mshirika wa marehemu kitu alichokuwa nacho tu kama tunu. Kilikuwa kijiti chembamba, urefu wa kidole, na juu yake vipande vitano vimepangwa kama vigae. Havikuwa vya kijivu kama vyetu. Vilikuwa vya buluu iliyoiva mpaka kuwa nyeusi, vinang'aa kama mgongo wa mdudu. Si seleni, alisema. Vimetengenezwa kwa madini yanayotoka kwenye mchanga, na ndivyo vinavyolisha vile vyombo vya angani.

"Mchanga huu?" nikauliza, nikigusa chini kwa kidole cha mguu.

"Jamaa ya mchanga huu. Subiri."

Alikuwa na redio mpya aliyoitengeneza karakana, yenye transista tatu na spika ndogo kama kifuniko cha chupa ya maziwa. Kwa vibamba vyetu vinne redio hiyo haikuwahi kukohoa. Akaunga nyaya mbili. Hakuweka karai. Hakuweka kioo. Alikiweka kile kijiti juu ya ukingo wa dirisha la jikoni, juani, na kabla hajaondoa mkono, sauti ya mtu ikajaa ua wetu wote. Kuku walitawanyika. Mimi nilipiga ukelele, nikashika tumbo. Mtoto wa jirani alichungulia juu ya ua kuona ni nani aliyetutembelea.

Tulishikana mikono tukawa twarukaruka, yeye na mimi na tumbo langu, huku mtangazaji akisoma habari za mkutano wa huko Ulaya kuhusu uhuru wetu, wala hatukumsikia alichosema, tulisikia tu kwamba anasema kwa nguvu. Wifi alikuwa analia na kucheka. "Umeona?" alikuwa akisema. "Umeona, wifi? Umeona?"

Mama mkwe alikuwa ndani anatandika msala. "Nyinyi!" akaita. "Nyinyi huko! Adhuhuri imeingia, yapunguzeni hayo maneno, nataka kusali."

Tukaitazama redio. Haikuwa na kidude cha kupunguza. Wifi alikuwa hajafikiri kwamba siku moja ingehitaji kupunguzwa. Alisita, akapangusa macho, kisha akavuta ncha ya mtandio wake mwepesi, akautandaza juu ya vile vigae vitano. Mtangazaji akateremka, akawa anaongea kwa adabu, chini kwa chini, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakuta wanasali.